Dakika za Kwanza za Pumu ni za Jirani

Pumu ni ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa. Kwa mtu aliye nao, kuta za mirija inayopeleka hewa mapafuni huwa zimevimba kidogo wakati wote, hata siku ambazo hakohoi wala habanwi kifua. Mirija hiyo hushtuka upesi. Ikikutana na moshi, vumbi, baridi ya ghafla au mafua, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayoizunguka hukaza, kuta zake huvimba zaidi, na ute mzito hujaa ndani yake. Hewa huingia kwa taabu na hutoka kwa taabu zaidi, ndiyo maana kifua cha mgonjwa husikika kikipiga mluzi anapotoa pumzi. Hilo ndilo shambulio la pumu. Lisipotulizwa linaweza kumuua mtu mzima mwenye afya njema katika mengine yote, tena mbele ya watu wanaompenda.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa ni haba na ugonjwa mara nyingi haujatajwa kwa jina lake. Rwanda imo katika hesabu hiyo. Utafiti uliolinganisha jiji la Kigali na wilaya ya Huye, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta pumu kwa karibu watu 9 kati ya kila 100 waliopimwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Kigali watu zaidi ya milioni 1.7. Katika jiji la ukubwa huo ni vigumu kupata darasa, kwaya, ofisi au mtaa usio na mtu mwenye pumu.

Hata hivyo ni wachache wanaojua la kufanya mtu huyo anapobanwa. Wengi humzunguka, humpepea, humpa maji, humlaza, kisha hukimbilia kutafuta usafiri. Dakika ambazo dawa ingefanya kazi yake hupita hivyo. Daktari hayupo wakati shambulio linapoanza. Aliyepo ni jirani, mwalimu, mke, mfanyakazi mwenza au dereva. Ujuzi wanaouhitaji watu hao hufundishika kwa muda mfupi, na jiji la Kigali lina vikao vya kuufundishia. Kuendelea kuuacha mikononi mwa wataalamu peke yao ni kosa linalogharimu uhai.

Yanayoiamsha pumu Kigali

Jiji limejengwa juu ya vilima, kwa wastani zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi Agosti, hukausha barabara za udongo na maeneo ya ujenzi, na vumbi jekundu huingia hadi vyumbani. Mvua husafisha hewa, lakini huja na usiku wa baridi, mafua ya watoto na ukungu kwenye kuta zenye unyevu. Kwa hiyo kila msimu una adui wake wa mapafu, na mwenye pumu huvuka mmoja akiingia mwingine.

Moshi hauna msimu. Nyumba nyingi bado hupika kwa mkaa kwenye majiko yaitwayo imbabura, mara nyingi kwenye kibaraza kilichofungwa au chumba chenye dirisha dogo. Barabarani kuna magari ya zamani ya dizeli na maelfu ya taksi-moto, yaani pikipiki za abiria. Tathmini ya Mamlaka ya Mazingira ya Rwanda, REMA, ya mwaka 2018 iliwataja watuhumiwa hao wawili: mijini moshi wa vyombo vya usafiri, vijijini moshi wa majiko. Nchi ilikwisha kupitisha sheria ya kulinda ubora wa hewa mwaka 2016, mwaka uleule Kigali ilipoanza siku za kutotumia magari, na tangu 2019 pikipiki za umeme zimeanza kuonekana mitaani. Hatua hizo ni njema na zastahili kuungwa mkono, lakini matunda yake huchukua miaka, na shambulio la pumu haliwezi kungoja.

Ndani ya nyumba viamsho ni vingine: wadudu wadogo wa vumbi waishio kwenye magodoro na mablanketi, mende, manyoya ya paka, manukato makali, rangi mbichi ya ukuta, udi na ubani unaofukizwa kwa wageni katika nyumba za mitaa ya Nyamirambo na Biryogo. Mazoezi makali huweza kuamsha pumu, vilevile kicheko kirefu, kilio na hofu. Wapo ambao aspirini au ibuprofeni huwabana kifua. Kila mgonjwa ana orodha yake, na mtu anayeishi naye hana budi kuijua kama anavyojua chakula asichokula.

Kulitambua shambulio

Mara nyingi shambulio hutoa taarifa kabla. Mgonjwa huanza kukohoa usiku au alfajiri, kifua hukaza, pumzi hukatika akipanda ngazi alizozipanda jana bila shida. Kisha huja mluzi wa kifua. Huketi akiinama mbele, mikono imeegemea magoti, mabega yakipanda kwa kila pumzi. Husema maneno machache kisha husimama avute hewa. Kipimo chepesi kwa asiye mtaalamu ni mazungumzo hayo: anayeweza kumaliza sentensi bado ana nafasi, anayesema neno mojamoja yuko hatarini.

Dalili za hatari kubwa ni hizi. Nyama za katikati ya mbavu na shimo la chini ya koo huingia ndani kila avutapo pumzi. Midomo, ulimi, fizi au kucha hubadilika kuwa rangi ya kijivu au buluu. Kwa watu weusi mabadiliko haya hayaonekani vizuri kwenye ngozi ya uso, kwa hiyo hutazamwa ndani ya mdomo na kwenye kucha. Mgonjwa husinzia, huchanganyikiwa au huishiwa nguvu za kukaa. Mtoto mchanga hushindwa kunyonya, na matundu ya pua yake hupanuka kila apumuapo.

Dalili moja huwadanganya wengi. Mluzi wa kifua ukinyamaza ghafla huku mgonjwa akiwa bado anahangaika, watu huona nafuu imekuja. Huenda ni kinyume: mirija imebana kiasi kwamba hewa inayopita haitoshi hata kutoa sauti. Kifua kilichonyamaza kwa mtu anayehangaika ni dharura ya hali ya juu.

Kumsaidia, hatua kwa hatua

Jambo la kwanza ni kumkalisha wima. Kiti, kitanda au ngazi ya mlango hutosha, na akiwa ameinama mbele kidogo huku mikono ikiegemea meza au mapaja, kifua hupata nafasi ya kupanuka. Hapaswi kulazwa chali, kwa kuwa kulala huongeza kazi ya kupumua. Nguo inayobana shingo au kifua hulegezwa. Kinachomsumbua huondolewa, au yeye huondolewa penye kinachomsumbua: jiko hutolewa nje, ubani huzimwa, watu hutawanywa. Abaki mtu mmoja anayezungumza kwa sauti tulivu, kwa sababu hofu huharakisha pumzi na pumzi za harakaharaka humchosha mgonjwa.

Jambo la pili ni dawa. Dawa ya kutuliza inayotumika zaidi ni salbutamoli ya kuvuta, inayokaa katika kikopo kidogo kiitwacho inhela, mara nyingi cha rangi ya buluu. Iliingia sokoni mwaka 1969 na hadi leo ndiyo msaada wa haraka wa kwanza katika sehemu kubwa ya dunia. Huilegeza misuli iliyokaza, na kazi yake huanza kuonekana ndani ya dakika chache. Inhela za kukinga, ambazo nyingi ni za kahawia au rangi nyingine, zina dawa ya kupunguza uvimbe kidogokidogo kwa siku na wiki. Zikiwa peke yake hazimwokoi mtu aliyekwisha banwa. Ipo pia inhela yenye budesonidi na formoteroli kwa pamoja, ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa kwa kukinga na kutuliza. Aliyeandikiwa hiyo hufuata maelekezo aliyopewa.

Namna ya kuitumia ina uzito sawa na dawa yenyewe. Kifuniko huondolewa, kikopo hutikiswa, mgonjwa hutoa pumzi, huweka mdomo wa inhela katikati ya midomo iliyofumba vizuri, hubonyeza mara moja huku akivuta hewa polepole, kisha hushikilia pumzi kwa sekunde kadhaa kama anaweza. Anayebonyeza bila kuvuta huipaka dawa ulimini tu. Kwa kuwa mtu aliyebanwa hushindwa kuoanisha mkono na pumzi, chombo cha katikati kiitwacho spesa husaidia sana: dawa hupulizwa ndani yake, na mgonjwa huivuta kwa pumzi zake za kawaida. Kwa mtoto mdogo huongezwa kinyago kinachofunika pua na mdomo.

Utaratibu unaofundishwa Australia ni mwepesi kukumbuka kwa sababu umejengwa juu ya namba nne. Mgonjwa hupewa mipulizo minne, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mpulizo huvuta pumzi nne kupitia spesa. Husubiriwa dakika nne. Asipopata nafuu hupewa mingine minne. Bado hali ikiwa ileile, gari la wagonjwa huitwa, na mipulizo minne huendelea kila baada ya dakika nne hadi msaada ufike. Uingereza hufundisha mpulizo mmoja kila sekunde 30 hadi 60, mpaka kumi. Taratibu zote mbili zina somo moja kwa msaidizi: dawa hutolewa mpulizo mmoja mmoja, na asiogope kuirudia. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka ni athari za kawaida za salbutamoli ambazo hupita. Hatari ya kukosa hewa ni kubwa kuliko hizo zote.

Ukaguzi wa kikopo hufanywa kabla ya siku ya shida. Inhela nyingi za salbutamoli zina mipulizo 200. Baada ya hapo kikopo huweza kuendelea kutoa mvuke usio na dawa ya kutosha, na mgonjwa akadhani anajitibu. Chenye kihesabio husomwa. Kisicho nacho huandikwa tarehe ya kuanza kutumika. Kikopo kipya, au kilicholala wiki kadhaa, hupulizwa hewani mara kadhaa kwanza.

Spesa ya chupa

Spesa za viwandani si rahisi kupatikana kila mahali, lakini ukosefu wake si sababu ya kukata tamaa. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, uliolinganisha spesa za dukani na vyombo vya bei ndogo kwa watoto waliofika hospitalini na pumu kali. Chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani.

Hutengenezwa hivi. Chupa safi na kavu hutobolewa kwenye kitako, tundu likikatwa kufuata umbo la mdomo wa inhela ili iingie kwa kubana pasiwe na mwanya. Inhela huchomekwa kwenye kitako, na mgonjwa huvuta kwa kinywa cha chupa. Chupa huoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha huachwa ikauke yenyewe. Kuifuta kwa kitambaa huipa umeme tuli unaoivuta dawa ikanase kwenye kuta. Kituo cha afya chenye kisu kikali na chupa chache kinaweza kuwapa wagonjwa wake wote chombo ambacho wangekikosa.

Inhela isipokuwepo

Shambulio likimkuta mgonjwa bila dawa, namba ya dharura, 912, hupigwa mara moja bila kungoja dalili za hatari. Wakati wa kusubiri hukalishwa wima na kuongozwa avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu kupitia midomo iliyobanwa kidogo. Mtu mwingine hutumwa kwenye duka la dawa lililo karibu. Jirani mwenye salbutamoli akiwepo, inhela yake hutumika. Katika dharura kuazima inhela ya mtu ni jambo linalokubalika, mdomo wake ukipanguswa kabla. Vidonge vya salbutamoli, ambavyo nyumba nyingi huvitegemea, huchukua muda mrefu zaidi kufanya kazi na hutetemesha mwili zaidi, kwa hiyo havichukui nafasi ya dawa ya kuvuta.

Mambo mengine hufanywa kwa nia njema na huleta madhara. Kujifukiza kwa mvuke wa maji yanayochemka huweza kumwunguza mgonjwa na kuukera mrija uliokwisha kasirika. Kufukiza majani ni kuongeza moshi juu ya moshi. Kupumulia ndani ya mfuko humpokonya hewa anayoihitaji. Kumnywesha kwa nguvu mtu anayetweta ni kumkaribishia kupaliwa. Dawa za usingizi, hata kama lengo ni kumtuliza, hupunguza nguvu za kupumua.

Shambulio likija pamoja na uvimbe wa midomo au uso na vipele vya kuwasha mwili mzima, hasa baada ya kuumwa na nyuki, kula chakula fulani au kumeza dawa, huenda ni mzio mkali unaohitaji sindano ya adrenalini. Hapo hospitali hutafutwa papo hapo, inhela ikiendelea kutumika njiani. Mgonjwa akizimia na asipumue kawaida, kifua hubonyezwa kwa nguvu na kasi katikati, na anayejua kumpulizia pumzi humpulizia, mpaka wahudumu wafike.

Namba 912 na njia ya kumfikia mgonjwa

Huduma ya dharura ya kitabibu ya Rwanda, SAMU, ilianzishwa mwaka 2007, na namba yake ni 912, isiyolipiwa. Anayepiga hutaja kwanza kwamba ni pumu na kwamba mgonjwa hapumui vizuri, kisha mahali alipo. Mitaa ya Kigali imepewa namba zinazorahisisha kazi hii: KN kwa wilaya ya Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro, zikifuatwa na namba ya barabara. Pasipo kibao hutajwa ngazi za utawala, yaani umurenge, akagari na umudugudu (kijiji), pamoja na kitu kinachoonekana kwa urahisi kama shule, kanisa, msikiti au kituo cha mafuta. Simu haikatwi mpaka anayepokea aseme.

Nyumba nyingi ziko mteremkoni, mwisho wa njia ya miguu au ngazi ambazo gari haliwezi kuzipita. Mwenye pumu kali asilazimishwe kuzipanda kwa miguu yake. Kijana mmoja hutumwa barabarani kulipokea gari, na mgonjwa huchukuliwa akiwa ameketi kwenye kiti kilichoshikwa na watu wawili au wanne. Mila ya kumbeba mgonjwa kwa ingobyi, machela ya kienyeji, imeokoa wengi katika vilima vya Rwanda na ina heshima yake, lakini ingobyi humlaza mtu. Anayebebwa nayo kwa pumu huinuliwa mgongo kwa mito au mablanketi.

Taksi-moto hufika kwa haraka na ndiyo inayokuja akilini kwanza. Kwa shambulio kali ni hatari. Aliyeishiwa pumzi huenda akashindwa kujishika, kofia humziba, upepo baridi na moshi wa barabara humzidishia, na hakuna wa kumpa mpulizo njiani. Ikiwa gari la wagonjwa litachelewa, gari lolote lenye kiti cha kuegemea ni bora, mtu mmoja akikaa kando yake na inhela mkononi.

Shambulio likishatulia

Nafuu baada ya inhela haina maana kwamba ugonjwa umeondoka. Salbutamoli hulegeza misuli, lakini uvimbe na ute hubaki, na dawa ikiisha nguvu baada ya saa kadhaa kubanwa huweza kurudi, mara nyingi usiku. Kwa hiyo mgonjwa asiachwe peke yake siku hiyo, na aonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo au kesho yake. Huenda akaandikiwa vidonge vya steroidi kwa siku chache ili kuumaliza uvimbe.

Anayehitaji inhela ya kutuliza mara kwa mara ana pumu isiyodhibitiwa. Kwa miongo mingi watu walipewa salbutamoli peke yake. Mwaka 2019 mpango wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza tiba hiyo kwa vijana na watu wazima, kwa kuwa hutuliza dalili huku uvimbe ukiendelea chini yake. Dawa ya kukinga, hasa steroidi ya kuvuta, ndiyo inayopunguza mashambulio na vifo. Imani kwamba inhela humfanya mtu kuwa mtumwa wake au huharibu moyo imewafanya wazazi kuificha na vijana kuiacha. Dozi ya kuvuta ni ndogo na huenda moja kwa moja mapafuni. Kinachoua ni pumu isiyotibiwa.

Aibu nayo ina madhara. Mtoto mwenye pumu huambiwa asikimbie, na msichana huficha inhela yake asionekane mgonjwa. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mchezo ambao pumu inayoamshwa na mazoezi ni jambo la kawaida ndani yake. Shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, WADA, huruhusu salbutamoli ya kuvuta hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24. Kama wapanda baiskeli wa daraja la juu duniani hushindana wakiwa na pumu, mtoto wa mtaa wa Kimironko mwenye dawa sahihi anaweza kucheza mpira na wenzake.

Wa kufundishwa na pa kufundishia

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakazi wa Rwanda hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na kazi ikiisha hukaa pamoja kujadili mambo ya mtaa. Kikao hicho ndicho darasa linalofaa kuliko lolote. Muuguzi wa kituo cha afya au mkufunzi wa Msalaba Mwekundu wa Rwanda akipewa robo saa, anaweza kuonyesha namna ya kumkalisha mgonjwa, kutumia inhela na spesa ya chupa, na kupiga 912. Somo likirudiwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa mvua, mtaa mzima utakuwa umelisikia. Kazi yenyewe ya umuganda huinua vumbi, kwa hiyo ni haki mwenye pumu apangiwe sehemu isiyo na vumbi na aje na inhela yake. Chini ya umudugudu kuna isibo, kundi la nyumba chache zinazofahamiana. Hapo ndipo inapowezekana kujua nani ana pumu, dawa yake iko wapi, na nani ana gari usiku.

Abajyanama b'ubuzima, wahudumu wa afya wa kujitolea walioko katika kila kijiji, wana mwanzo mzuri kuliko wengine. Kwa miaka mingi wamefundishwa kuhesabu pumzi za watoto walio chini ya miaka mitano ili kutambua nimonia na kuwapa dawa. Anayejua kuhesabu pumzi amekwisha kupita nusu ya njia. Akiongezewa kutambua mluzi wa kifua na kuwatuma kituoni watoto wanaobanwa mara kwa mara, mtoto mwenye pumu hatapewa tena na tena kiuavijasumu kisichomfaa. Akiwa na inhela moja na spesa katika mkoba wake, kijiji kizima kitakuwa na msaada wa kwanza saa nane za usiku.

Shule zinahitaji kanuni iliyo wazi. Katika shule za bweni dawa ya mwanafunzi mara nyingi hukaa kabatini kwa mlezi wa bweni, nyuma ya mlango unaofungwa jioni. Kwa vidonge vingi utaratibu huo unafaa. Kwa inhela ya kutuliza ni hatari. Mwanafunzi aliyefikia umri wa kuitumia mwenyewe akae nayo mfukoni, na nyingine ya akiba iwe mahali ambapo kila mwalimu anaweza kuifikia bila ufunguo. Walimu wa michezo na walinzi wa usiku wafundishwe kwanza, kwani shambulio huwakuta wao kabla ya mtu mwingine. Vyama vya madereva wa taksi-moto navyo ni jeshi lililotawanyika jiji zima. Dereva anayejua kwamba aliyebanwa anapaswa kukaa wima, kupewa inhela na kuitiwa gari atafanya mengi kuliko yule anayejua kukimbia tu.

Elimu bila dawa ni nusu ya kazi. Bima ya jamii, mutuelle, hubeba sehemu kubwa ya gharama kwa wanachama wake, na tangu miaka ya 2000 Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health wamejenga kliniki za magonjwa yasiyoambukiza zinazoendeshwa na wauguzi katika hospitali za wilaya. Mwongozo wao wa mwaka 2011 ulikuwa na sura nzima juu ya magonjwa sugu ya mapafu. Msingi huo upo. Kinachotakiwa ni inhela ya kutuliza na ya kukinga zisikosekane kwenye rafu za kituo cha afya, zisiwe za kutafutwa mpaka maduka ya katikati ya jiji, na mgonjwa asirudishwe nyumbani kabla hajaonyesha kwa mkono wake kwamba anajua kuitumia.

Kwa familia yenye mgonjwa, maandalizi hutoshea kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani: jina la dawa ya kutuliza na ya kukinga, mahali zinapokaa, idadi ya mipulizo, dalili za hatari, namba 912, namba ya barabara ya nyumba, na jina la jirani mwenye gari. Kila aliyemo ndani, kuanzia mtoto anayejua kusoma hadi msaidizi wa nyumbani, ajaribu hatua hizo angalau mara moja siku ambayo hakuna anayeumwa.